Ukuta wa Mama na Marais Sita

Nimefundisha Uraia katika shule za msingi kwa miaka thelathini na kitu, sehemu kubwa hapa Bunda, na kila mwaka tulifika kwenye swali lile lile: taja mafanikio manne na changamoto nne za uongozi wa nchi yetu tangu uhuru. Watoto walijibu, nami nikaweka alama za vyema. Manne kwa manne. Hata mtoto aliyesinzia darasani alijua kwamba mafanikio yakizidi ataonekana anajipendekeza, na changamoto zikizidi mwalimu ataanza kuangalia mlangoni. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuniuliza mimi mwenyewe naonaje, na mimi sikujiuliza. Mtumishi wa umma ana mdomo wa kufundishia na mdomo wa kulia ugali.

Aliyeniuliza, hatimaye, ni fundi rangi.

Ilikuwa miezi michache baada ya mimi kustaafu. Binti wa mdogo wangu wa kiume alikuwa amepata mchumba, na wageni wa posa walitarajiwa Jumamosi nyumbani kwa mama, Butiama, upande wa Mwitongo. Mdogo wangu anaishi Musoma, anafanya biashara ya samaki, na ni mtu wa kupenda mambo yaonekane. Akasema haiwezekani wakwe wakaribishwe kwenye sebule yenye lipu inayobanduka. Akaleta fundi, akaleta rangi ya maziwa, na kabla ya rangi akatoboa dirisha kubwa la vioo kwenye ukuta wa mbele ili mama apate mwanga. Mimi nilitoka nyumbani kwangu Nyasura, hapa Bunda, siku ya Jumatano, nikafika kusaidia kupika na, kama shangazi, kusimamia heshima ya binti.

Ukuta ule wa mbele ndio uliokuwa na marais. Baba ndiye aliyeanza, na alipofariki mama akaendeleza. Wa kwanza alikatwa kwenye kalenda ya chama cha ushirika cha pamba, picha nyeusi na nyeupe iliyoanza kuwa ya kahawia. Wa pili mpaka wa tano walitoka kwenye kalenda za maduka. Wa sita peke yake ndiye alikuwa na fremu ya kioo, zawadi ya mdogo wangu. Mama hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa anasema tu kwamba ukuta mtupu ni wa nyumba ya wapangaji.

Alhamisi asubuhi fundi alimaliza kupaka, akapanda ngazi na nyundo mkononi, akapima kwa macho nafasi iliyobaki kando ya dirisha.

"Mama," akasema, "hapa zinaingia picha tatu tu. Nipige misumari ya nani?"

Mama alikuwa amekaa mlangoni anapepeta ulezi. Mdogo wangu akajibu haraka kama mtu aliyekuwa amelisubiri swali hilo tangu utotoni.

"Wa pili anakaa katikati. Huyo ndiye aliyefanya nikaoga na sabuni."

"Na wa kwanza je?" nikamuuliza.

"Dada, tulikuwaga tunafulia majani ya mpapai. Umesahau? Tulikuwaga tunapanga foleni ya sukari hatujui kama sukari yenyewe ipo. Wa pili alipofungua maduka, mimi nikajua dunia ina rangi."

"Sijasahau. Na sijasahau kwamba niliondoka hapa na sanduku la bati, nikalishwa, nikasomeshwa, nikarudi mwalimu, na baba hakuuza hata mbuzi mmoja. Nani alifanya hivyo?"

Fundi akakohoa kule juu ya ngazi. "Mnisamehe wakubwa zangu," akasema, "lakini wa tano ni lazima. Mimi nilifuatilia karatasi ya kiwanja changu muda mrefu. Kila nikienda ofisini nakuta koti limetundikwa kwenye kiti, mwenyewe hayupo. Yule alipoingia, nikaenda, nikakuta koti na mwenyewe yumo ndani yake!"

Tulicheka wote. Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa ndani ya mojawapo ya makoti hayo. Kipindi hicho nilifika shuleni kabla ya mlinzi kufungua geti, na mshahara wangu ulibaki pale pale ulipokuwa, umekaa kama jiwe la mpaka.

"Basi wa tatu asirudi kabisa," mdogo wangu akasema. "Huyo hapana." Sote tulijua sababu. Katika miaka ile, kiwanda alichokuwa anafanya kazi Musoma kilifungwa, akarudi nyumbani na begi moja na aibu ambayo hakuistahili.

Mama akaacha kupepeta. "Na ungebaki kiwandani, hiyo mitumbwi yako ungeipatia wapi?"

"Mama, mtu akikusukuma ukaanguka ziwani, ukajifunza kuogelea, unamshukuru?"

Mama akafikiri. "Kidogo," akasema, akaendelea na ulezi wake.

Fundi akashuka, akasema misumari itasubiri. Mimi, kwa ujinga wa kazi yangu, nikaona kwamba hili ni jambo linalohitaji utaratibu. Baada ya chakula cha mchana nikachukua daftari, nikachora jedwali. Juu nikaandika awamu sita. Pembeni nikaandika elimu, afya, vijiji, maji, barabara, chakula, amani. Nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, kwa utulivu, kama nilivyosahihisha maelfu ya madaftari. Nilipomaliza nikajumlisha na kumpa mdogo wangu asome.

Alisoma mara mbili. "Dada, mbona wote wamepata daraja moja? Mwenye nyingi na mwenye chache wamepishana alama tatu. Hili darasa la wapi?"

"Kila mmoja alikuwa na mazingira yake."

"Mazingira! Unaogopa mkaguzi atapita? Umestaafu, dada. Hakuna atakayekuhamisha."

Alisema kwa utani, lakini neno lake lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikachukua daftari langu nikaenda kukaa na mama nyuma ya jiko, ambako alikuwa ameanika udaga wa muhogo. Hakuniangalia. Akauliza tu, "Hapo kwenye kutuhamisha, umemwekea ngapi wa kwanza?"

"Vijiji? Nimempa nane kati ya kumi."

"Nani aliyekuambia ni nane?"

Nusura niseme ni kitabu. Maana ndivyo nilivyofundisha: watu walikusanywa vijijini, huduma za jamii zikasogezwa karibu. Sentensi moja, alama mbili. Nami nilikuwepo. Nilikuwa mtoto wa shule, nakumbuka tukishuka kutoka kwenye mji wetu kando ya mlima, kila mtu na mzigo wake, nami nimebeba kuku aliyefungwa miguu. Lakini nilikuwa sijawahi kumuuliza mama.

"Mwaka ule nilikuwa nasoma kisomo cha watu wazima," mama akaanza. "Tulikuwaga tunakaa kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake watupu, na watoto mgongoni. Baba yako alinicheka, lakini aliniachia nafasi niende. Nilikuwa nimeanza tu kujua kuunganisha herufi. Basi siku moja balozi wa nyumba kumi akaja na karatasi. Baba yako alikuwa machungani. Balozi akataka anisomee, nikamwambia acha, nitasoma mwenyewe."

Akanyoosha kidole hewani, akakisogeza taratibu kana kwamba karatasi ilikuwa mbele yake. "M-na-ta-ki-wa. Ku-ha-ma."

Akacheka. "Mwanangu, nilifurahi! Nilifurahi kwanza, kwa sababu nimesoma neno zima bila kusaidiwa, na balozi amesikia. Nikarudia kwa sauti. Ndipo nikaelewa nimesoma nini. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi."

Mama aliendelea kugeuza vipande vya udaga kimoja kimoja. Akaniambia kuhusu kihenge cha mtama kilichobaki nusu, kwa sababu lori lililoahidiwa halikuja. Akaniambia kwamba mama mkwe wake, bibi yangu, alikataa kuangalia nyuma njia nzima. Nilikuwa nakumbuka hilo, nikidhani shingo ilikuwa inamuuma.

"Nilimnunia yule," mama akasema. Kwetu Butiama wa kwanza hatajwi kama mtu wa kwenye redio; hutajwa kama jirani, na jirani hununiwa. "Nilimnunia kweli. Nikageuza picha yake ikaangalia ukuta, baba yako akairudisha, nikaigeuza tena. Halafu mwaka uliofuata mdogo wako huyu akashikwa na surua. Zahanati mpya ilikuwa jirani tu, nilimkimbiza mikononi. Kule mlimani ningemzika."

Akanitazama sasa. "Haya, mwalimu. Weka alama."

Nilishika kalamu nyekundu. Nikafuta ile nane. Nikasema, polepole, kwa sababu nilikuwa nasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine: "Mama, mimi naona nia yake ilikuwa njema, na zahanati ilikuwa njema. Lakini kuhamisha watu namna ile, bila kuwauliza, kabla hawajavuna, ilikuwa makosa. Hapo alifeli. Na naona hakuna aliyetujengea mwanzo kama yeye. Vyote viwili."

"Ehee," mama akasema. "Sasa umesema wewe."

Ningependa kusema nililia, lakini ukweli ni kwamba nilisikia njaa. Nikaingia jikoni nikala kiporo cha ugali na dagaa nikiwa nimesimama, mwepesi kama msichana.

Kesho yake mama alitoa amri: picha zote zibaki chini mpaka wageni waondoke. "Tusije tukagombanisha wakwe kabla hawajawa wakwe," akasema. Akazifunga kwenye khanga, akaziweka juu ya kabati. Fundi, ambaye alikuwa amekwisha kuzoea nyumba na chakula chake, akapiga misumari mitatu kwa mpangilio mzuri na kuiacha mitupu.

Jumamosi wageni wakafika, watu wa upande wa Bunda, wakulima wa pamba na wafugaji. Waliongozwa na mshenga mwenye sauti ya kanisani. Baba wa kijana alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye fimbo na kofia ambayo hakuivua mpaka mama alipompokea. Walimwamkia mama shikamoo kwa foleni, naye akaitikia marahaba kila mmoja kwa jina la ukoo wake baada ya kuuliza. Vinywaji vikaja. Mazungumzo yakaanza vizuri, yakafika kwenye ng'ombe, yakakwama. Mshenga alitaja idadi, mdogo wangu akaguna. Mdogo wangu akataja yake, mshenga akaangalia dari. Kila mtu akamsikia jirani yake akimeza soda.

Ndipo yule mzee mrefu akanyanyua fimbo, akaelekeza ukutani.

"Samahani, mama mkwe," akasema. "Hiyo misumari mitatu inamsubiri nani?"

Mdogo wangu akafunika uso. Mama akajibu bila kusita, "Inasubiri uamuzi, baba. Watoto wangu wameshindwa kuamua marais."

Akaniagiza nishushe ule mzigo. Nikafungua khanga, nikazipanga picha sita juu ya meza, katikati ya chupa za soda. Nilidhani aibu itaniua. Kumbe wageni walivuta viti karibu! Mshenga, ambaye nusu saa nzima alikuwa amesema kama anasoma waraka wa askofu, akaanza kutetea wa nne kwa nguvu, kwamba bila shule za kata watoto wake wangeishia darasa la saba. Mdogo wangu, ambaye binti yake aliyekuwa anaposwa alisoma shule ya kata isiyokuwa na mwalimu wa fizikia na leo ni muuguzi, akakubali hoja hiyo huku akikataa zote nyingine. Mama mdogo wa bwana harusi akasema kwa upole kwamba kwake yeye hata kama wa sita asingefanya kitu kingine, kule kukaa tu kwenye kile kiti kumewafanya wajukuu wake wa kike waanze kujibu wakiulizwa watakuwa nani.

Yule mzee akasubiri wote wachoke. Kisha akasema, "Mimi ninao ushahidi mmoja tu. Josho."

"Josho?"

"Josho la ng'ombe la kijijini kwetu. Lilijengwa wakati wa huyu." Akagusa picha ya kwanza. "Wakati wa huyu dawa zikaisha. Wakati wa huyu likaota mti ndani. Siyo majani. Mti. Wakati wa huyu akaja mtu na kamera, akalipiga picha, akaondoka. Wakati wa huyu tukaambiwa tuchape kazi, tukaukata ule mti. Na juzi juzi limekarabatiwa, ng'ombe wanaogeshwa."

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani yake, akasema, "Kwa hiyo mzee, hao wa katikati walitutupa?"

Mzee akavua kofia tena, akaipapasa. "Ndiyo maana nimesema ushahidi ni mmoja. Maana mwenyekiti wa kamati ya josho, miaka yote hiyo mti unaota, nilikuwaga mimi."

Kicheko kilichotoka humo ndani kiliwafanya majirani wachungulie. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mzee mwenyewe alianza kwa kutabasamu tu, akaishia kufuta machozi kwa kofia. "Kila mwaka nilikuwa nasema serikali itakuja," akasema. "Na mti unazidi kunenepa. Mbuzi walikuwa wanakaa kivulini!"

Tuliporudi kwenye ng'ombe, hakuna aliyekumbuka sawasawa tulipokomea. Mshenga alikumbuka idadi moja, mdogo wangu akakumbuka nyingine, na mama akasema wagawane tofauti, chakula kinapoa. Wakagawana. Binti akaitwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa, akasema anawajua. Vigelegele vikapigwa. Tulikula wali, sato wa Musoma, na mbuzi ambaye mdogo wangu alimsifia kuliko walivyomsifia wageni.

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu ya miti, mama akamwita fundi na kumwonyesha kazi yake.

"Wa kwanza hapo kushoto. Yeye na mimi bado tuna maneno yetu, sitaki awe mbali. Katikati wa nne, kwa ajili ya mjukuu wangu. Na huyo mama wa sita hapo mwisho. Yeye bado yuko kwenye chumba cha mtihani, karatasi haijakusanywa. Namweka nimwangalie vizuri."

"Na wa pili?" mdogo wangu akalalamika.

"Si una nyumba? Mpeleke kwako akaoge na sabuni."

Akamchukua kweli. Nasikia yuko kwenye ofisi yake mwaloni Musoma, pale samaki wanaposhushwa, juu ya mizani. Fundi akaomba wa tano kwa unyenyekevu mkubwa, akapewa, akamfunga kwenye baiskeli yake kwa mpira mweusi.

Akabaki wa tatu juu ya meza, pamoja na chupa tupu. Hakuna aliyemtaka. Nikamtazama, nikakumbuka jambo ambalo halikuwemo kwenye jedwali langu: ule mwaka ada ya shule ya msingi ilipoondolewa, jinsi nilivyofungua mlango wa darasa nikakuta watoto zaidi ya mia, wengine wakubwa wenye ndevu zinazochipua, wamekaa sakafuni mpaka chini ya ubao, wakinisubiri. Chaki hazikutosha. Sauti yangu iliisha kabla ya saa nne. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nikamwambia marehemu mume wangu kwamba leo nimefundisha watu. Na mwaka huo huo ndio mdogo wangu alikuwa bado anatafuta kazi.

"Mimi nitaondoka na huyu," nikasema.

"Dada!" mdogo wangu akashangaa. Lakini alinisaidia kumfunga kwenye gazeti.

Sasa yuko sebuleni kwangu Nyasura, peke yake. Kila mgeni akiingia anauliza kwa nini yeye na si mwingine, nami sina jinsi ila kukaa na kueleza ninachofikiri: hili lilikuwa jema, hili lilituumiza, hili nililiona kwa macho yangu. Walimu wenzangu wengine wanapunguza sauti zao. Mimi ya kwangu imeshindwa kupungua.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno, kanisa likajaa, na yule mzee mrefu akacheza mpaka fimbo ikasahaulika kwenye kiti. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, humpigia simu mama. Wanasalimiana, wanaulizana mvua, halafu wanaanza. Wiki iliyopita nilikuwepo. Mama alikuwa ameshika simu mbali na sikio kwa sababu mzee huyo huamini Butiama ni mbali, na nilimsikia akipaza sauti kutoka shambani kwake kwamba amefikiri tena, amempandisha wa pili alama mbili.

"Mbili nyingi," mama akamjibu. "Mpe moja, halafu uniambie sababu."